Nani Kachinja?

Huku kwetu milimani, ukialikwa kwenye sherehe, kuna swali linaulizwa kabla ya watu kunawa mikono: nani kachinja? Anayeuliza huwa mzee wa Kiislamu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi. Mwenye nyumba anamtaja mtu anayejulikana msikitini, basi, watu wanasogelea sinia. Swali lenyewe halimalizi hata nusu dakika. Ukoo wetu ulikwama kwenye swali hilo miaka tisa.

Sisi ni nusu kwa nusu. Bibi yangu mzaa baba ni Mwislamu wa Lukozi, wa swala tano na redio ya mawaidha. Mdogo wake wa tumbo moja ni Mlutheri, anakaa kijiji kimoja juu ya Soni, na mimi namwita Babu. Utotoni alipelekwa shule ya misheni ili ajue kusoma barua za serikali, akarudi na ubatizo na tarumbeta. Naambiwa baba yao alilikasirikia zaidi tarumbeta, kwa sababu ubatizo haupigi kelele alfajiri.

Waliishi vizuri tu mpaka harusi ya mtoto wa mwisho wa Babu, mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la kwanza. Siku hiyo mchinjaji alichelewa, mtu mmoja mwenye haraka zake akaifanya hiyo kazi. Upande wetu tulikuwa tumeshakaa, sinia liko mbele, Bibi ana tonge mdomoni, ndipo swali likaulizwa. Jibu likaja kwamba kachinja mwenyekiti wa kwaya ya vijana. Bibi akalitemea tonge kiganjani, akasema neno moja tu, kwa sauti iliyofika mpaka walipokaa maharusi. Kibudu. Yaani nyamafu, mnyama aliyekufa hivi hivi, wa kutupiwa mbwa. Upande wetu wote ukasimama. Tukala ndizi mbivu barabarani, tukaondoka.

Tangu hapo Bibi na mdogo wake walikuwa wanakutana misibani tu. Msibani kuna maharage, na maharage hayana mchinjaji.

Mwaka huu mjukuu wa Babu, binamu yangu wa umri wa kulingana na mimi, alikuwa anapata kipaimara. Kwa asiyejua, hiyo ni siku ambayo mtoto aliyebatizwa akiwa hajui lolote anasimama mbele ya watu kusema kwamba sasa anajua. Babu alipiga simu mwenyewe. Bibi aliweka sauti kubwa kwa sababu hajui kuiondoa, kwa hiyo tulisikia wote.

"Dada, njooni wote. Mbuzi nimewafunga wawili, sitawagusa. Njoo na mchinjaji wako na kisu chake. Nataka tule sinia moja, mimi na wewe, kabla mmoja wetu hajapikiwa maharage."

Bibi akaipunguza redio ya mawaidha. Halafu akasema tutakuja.

Mchinjaji wa ukoo ni baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi. Ana kisu, ana kanzu, ana pikipiki. Ikapangwa kwamba Bibi na mimi tutangulie Jumamosi, baba mdogo afuate Jumapili alfajiri, na wazee wengine waje saa saba na gari la kukodi. Mimi nilichaguliwa kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na kikapu cha Bibi ni kizito. Sababu nyingine aliitoa Bibi mwenyewe: akiniacha nyumbani kidato cha tatu mzima na simu, atarudi akute nimeuza mlango.

Tulipata lifti kwenye Canter ya karoti, tukakaa mbele na dereva. Tangu ile harusi nilikuwa sijapita Lushoto mjini, isipokuwa ile mara moja nilipopelekwa Soni kung'olewa jino, na siku hiyo sikuangalia dirishani. Safari hii niliangalia mpaka shingo ikauma. Ukungu wa msitu wa Magamba, halafu ghafla jua, halafu mji wa Lushoto wenye paa nyekundu, halafu barabara inajipinda kushuka na mto unakimbizana na gari kwenda Soni. Nilikuwa nacheka peke yangu bila kichekesho. Dereva akamuuliza Bibi kama mimi ni mzima. Bibi akasema, "Hivi hivi tunaye."

Kutoka Soni tulichukua bodaboda mbili kupanda kijijini. Ya Bibi ilikuwa mbele yangu, amekaa upande, kikapu mapajani, na kila kona nilimsikia akisoma dua moja. Nilihesabu kona ishirini na moja. Dereva wake alipofika alikuwa karibu kuihifadhi.

Babu alikuwa mlangoni anatusubiri, mrefu, mwembamba, amevaa koti la suti juu ya sweta. Tukasimama mbele yake. Kwa mazoea yake akasema, "Bwana Yesu asifiwe." Kwa mazoea yake Bibi akajibu, "Waalaikumu salaam." Wakatazamana. Hakuna aliyejua nani arudie. Mwisho wakaanza upya kwa Kishambaa, lugha ambayo walikuwa nayo kabla ya mambo yote hayo, na wakasalimiana muda mrefu, mpaka hali ya mahindi, mpaka hali ya magoti. Mimi nikasema shikamoo mara tatu kabla sijapata marahaba.

Jioni ile tulimenya vitunguu saumu jikoni, binamu yangu na mimi, na yeye alikuwa anakariri majibu ya katekisimu huku anamenya. Alikuwa anaogopa mchungaji atamuuliza kanisani mbele ya watu.

"Ukikosea anakufanyaje?" nikamuuliza.

"Ananirudisha mpaka mwakani. Ninyi madrasa mkikosea?"

"Ustadhi ana fimbo ya mpera. Yeye harudishi mtu mwakani, anamaliza siku hiyo hiyo."

Akafikiri. "Afadhali fimbo," akasema.

Tukabadilishana. Yeye akanifundisha jibu refu la ubatizo, mimi nikamfundisha sura fupi kuliko zote, tukashindana nani atakosea kwanza. Alishinda yeye, na mpaka leo sijakubali.

Babu alikuwa kwenye benchi karibu na moto, anasugua tarumbeta lake kwa kitambaa. Akaniuliza kama naikumbuka ile harusi. Nikasema nakumbuka ndizi. Akacheka kidogo. "Mimi nakumbuka neno," akasema. "Nilikuwa nimelifuga lile dume la mbuzi miaka miwili. Likaitwa kibudu mbele ya wakwe." Akaendelea kusugua sehemu ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Jumapili niliamshwa na sauti ya Babu akizungumza na simu kwenye banda la mbuzi, kwa sababu kijiji kile kina mtandao kwenye kona ya banda tu. Nikaenda nimejitanda khanga. Simu ilikuwa sauti kubwa, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa baba mdogo.

"Mjomba, kazi nimemaliza," baba mdogo alikuwa anasema. "Mbuzi watatu, safi kabisa. Ila mbona mwenyewe hutoki ndani?"

"Watatu?" Babu akasema. "Mimi nina wawili. Na wananiangalia hapa."

Babu akawahesabu tena kwa kidole.

"Uko wapi, mpwa wangu?"

"Si hapa kwako. Kwenye turubai la bluu."

"Turubai langu ni jeupe."

Halafu baba mdogo akaanza kueleza na sauti yake ikawa inapungua kadiri anavyoeleza. Alikata kushoto badala ya kulia, njia ya kwenda Bumbuli. Akaona turubai, akaona mbuzi, akaona masufuria. Watu wakamwona ana kanzu, kofia na kisu, wakamwita kwa heshima ya Kishambaa, "Mgosi, umechelewa, tulikuwa tunakungoja wewe." Wakampa chai na maandazi. Ungefanyaje? Kumbe na wao walikuwa na kipaimara, na wao walikuwa wanasubiri mchinjaji wao. Yule wa kwao alifika baadaye, akakuta kazi imekwisha, akanuna, akarudi zake, na simu hapokei. Na pikipiki ya baba mdogo ilikuwa imekata cheni. Kufika kwake, labda saa sita, saa saba.

Babu akakaa kwenye jiwe. Kijiji chote kile ni Walutheri, hata majogoo wanawika kwa sauti nne. Mwislamu alikuwa mmoja tu, mwenye duka, na alikuwa amekwenda Korogwe kufunga mzigo. Mpishi mkuu, mama mmoja mwenye mwiko mrefu kama kasia, akaja akasema alichokuja kusema: "Nyama isipoingia sufuriani saa mbili, wageni watakula wali na maombi."

"Mwambie bibi yako tutapika maharage," Babu akaniambia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameinama, anaangalia viatu vyake vya kanisani, ambavyo alikuwa ameshavipaka rangi.

Nilimkuta Bibi anakunja mswala. Nikamwambia yote, na nilipofika kwenye maandazi nilishindwa kujizuia, nikacheka. Hakunikemea. Aliniuliza jambo moja tu.

"Amesema maharage?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nimetoka Lukozi, kwenye maharage, nije kula maharage Soni?" Akavaa kandambili. "Na nani amewaambia mwanamke hachinji?"

Kusema kweli, mimi nilikuwa najua hivyo. Kila mtu anajua hivyo. Wanaume ndio wanaochinja, sisi tunanyonyoa. Bibi akasema alipokuwa mke kijana, mumewe, marehemu babu yangu, akiwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, nani unadhani alikuwa anachinja kuku, kuku mwenyewe? Akapanda mpaka kona ya banda, akampigia shehe wetu wa Lukozi, sauti kubwa kama kawaida.

"Mwanamke Mwislamu anachinja," shehe akasema. "Hakuna ubaya. Atie bismillahi, kisu kiwe kikali, mnyama asiteswe. Mbuzi wenyewe wanene?"

"Wanene," Bibi akasema.

"Basi msinisahau."

Babu akainuka kwenye jiwe. Lakini bado alikuwa na wasiwasi, na alikuwa na haki. "Dada, shehe amekubali. Shemeji yako je?" Shemeji, ambaye ni mdogo wa marehemu babu yangu, alikuwa anakuja saa saba na wazee wengine. Ndiye anayeulizaga lile swali. Alikuwa ndiye aliyeuliza hata ile siku ya harusi. Shemeji akikataa, hakuna atakayenawa.

"Shemeji ataletwa na gari," Bibi akasema. "Saa hizi tushughulike na mbuzi."

Likaja suala la kisu. Kisu cha ukoo kilikuwa Bumbuli, kinakula maandazi. Mke wa mtoto wa Babu akaleta kisu cha jikoni. Bibi akakiangalia pande zote mbili. "Kisu hiki kimewahi kugusa kitimoto, hiyo nguruwe yenu?" Yule mama akaangalia pembeni. Akaleta cha pili, akaangalia pembeni tena. Cha tatu hata hakusubiri kuulizwa, alikirudisha mwenyewe. Mwisho binamu yangu akaingia chumbani akatoka na kisu kipya kabisa, ndani ya karatasi yake, mpini mweupe umefungwa utepe wa waridi. Kilikuwa kisu cha kukatia keki yake.

"Hiki ni kisafi," akasema, na akanipa mimi, si Bibi, kama mtu anayekabidhi mtoto.

Babu akakinoa kwenye jiwe mpaka kikakata unywele. Utepe aliuacha, alisema akiufungua hataweza kuurudisha vile.

Kisha kibla. Nikatoa simu, nina dira ndani yake. Bibi hakuitazama. Alitazama mlima, akatazama jua lilipotokea, akanyoosha mkono. "Huku. Upande wa Lushoto." Dira ikasema hivyo hivyo, imeinama kidogo tu kulia. Babu akasimama kando yetu anaangalia mkono wa dada yake ulikoelekea.

"Na kanisa letu madhabahu yake imeelekea huko huko," akasema.

"Basi hamjapotea sana," Bibi akasema.

Wa kwanza Bibi alimchinja mwenyewe. Vijana wawili wakamshika mbuzi, Bibi akapiga goti, akasema maneno, na ilikuwa imekwisha kabla sijajua niangalie wapi. Lakini alipoinuka nikaona mkono wake unatetemeka kutoka bega mpaka kwenye utepe. Ana miaka sabini na kitu. Akanyoosha kisu kwangu.

"Huyu wa pili ni wako."

"Bibi, mimi?"

"Umeshaanza kufunga Ramadhani au bado unakula nyuma ya choo?"

"Nafunga."

"Basi una akili timamu na dini unayo. Njoo."

Nimeshawahi kumfanyia mzaha kila mtu ninayemjua, hata mwalimu mkuu. Kwa yule mbuzi sikupata hata neno moja. Alikuwa ananiangalia. Bibi akanishika kiwiko, akanielekeza pa kuweka kisu, na nikasema bismillahi Allahu Akbar, halafu nikaisema tena, halafu tena, mpaka Bibi akaniambia kwa Kishambaa kwamba Mungu si kiziwi. Nikavuta. Kisu kilikuwa kikali kweli.

Baadaye nilikaa nyuma ya banda nikatapika kidogo, na baada ya kutapika nikajisikia vizuri ajabu, mwepesi, kama siku ya kufunga shule. Saa mbili kasorobo nyama iliingia sufuriani. Mpishi akanipiga begani na mwiko.

Saa tatu tukaenda kanisani wote. Bibi alijitanda mtandio wake mweupe, na mlangoni mzee wa kanisa alipomkaribisha kwa furaha nyingi, akamwambia, "Nimekuja kwa ajili ya mtoto, siyo kuhama." Mimi nilivua viatu. Sikufikiri, ni mlango wa nyumba ya ibada, miguu yenyewe inajua. Nilipogeuka, watoto wa shule ya Jumapili waliokuwa nyuma yangu nao walikuwa wanavua, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima kubwa. Mama mmoja akauliza kuna nini. Mtoto akamjibu, "Ni utaratibu mpya."

Ibada ilinichosha na kunifurahisha kwa pamoja. Kwetu unajua kabisa rakaa ni ngapi, ukimaliza umemaliza. Wale wanasimama, wanakaa, wanasimama, na hakuna anayekwambia zimebaki ngapi. Nikaamua kumfuata mwanamke wa mbele yangu kwa kila kitu. Akisimama, nasimama. Akifungua kitabu cha nyimbo, nafungua, ingawa mimi nilikuwa nimekishika juu chini. Watu walipeleka sadaka mbele, wengine kabichi, wengine mayai, mmoja kuku aliyekuwa na maoni yake. Bibi akaninong'oneza kwamba zile kabichi zimevunwa wiki mbili mapema.

Halafu matarumbeta yakaanza. Wazee wanane, mashavu yamejaa, Babu wa pili kutoka kulia. Sijui niseme nini. Mimi nimekua na adhana, sauti ya mtu mmoja inayopita juu ya mabonde, na naipenda. Hii ilikuwa kitu kingine, ilitoka sakafuni. Ilinipanda kutoka kwenye nyayo, maana nilikuwa peku, mpaka kwenye meno, na nikajikuta natabasamu kama niko tena kwenye Canter. Nikamtazama Bibi nione kama amekasirika. Kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga goti, taratibu. Alipoona namwangalia akakikunja.

Binamu yangu aliulizwa swali la ubatizo, lile lile refu. Akajibu bila kukosea. Nilikuwa nalisema pamoja naye chini kwa chini, na mimi pia sikukosea.

Ikafika wakati wa meza ya Bwana. Mwanamke wa mbele yangu akasimama, nami nikasimama. Akaingia mstarini, nami nikaingia. Nilikuwa nimepiga hatua tatu kuelekea madhabahuni, peku, nimejaa nia njema, ndipo mtandio wangu ukavutwa kutoka nyuma kwa nguvu ambayo sikujua Bibi bado anayo.

"Hiyo siyo yetu," akaninong'oneza. "Kaa."

Mlangoni mchungaji alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuniambia karibu tena. Nadhani alisikia harufu ya mbuzi.

Saa saba gari la wazee likafika, na baba mdogo yumo ndani, walimwokota njia panda, kanzu ina oili ya cheni. Bibi alimwangalia tu. Angemtukana ingekuwa nafuu yake.

Tukakaa kwenye mikeka chini ya turubai jeupe. Pilau ilikuwa inanukia mpaka barabarani. Sinia letu likawekwa: Bibi, Shemeji, wazee wawili, baba mdogo, mimi pembeni. Babu alisimama, yeye ndiye mwenyeji, birika la kunawia mkononi. Bado alikuwa na sare ya tarumbeta. Shemeji alitazama nyama. Akatazama wazee wenzake. Wote wakaanza kusikiliza huku wanajifanya hawasikilizi, hata wale wa masinia ya mbali.

"Nani kachinja?" Shemeji akasema. Kisha akamgeukia baba mdogo. "Ni wewe?"

Baba mdogo ni mtu mwerevu kuliko cheni yake. "Leo nimechinja, alhamdulillahi," akasema. "Tangu alfajiri."

Ilikuwa kweli kabisa. Nilimwonea wivu, ni uongo mzuri kuliko wowote niliowahi kutunga, kwa sababu haukuwa na uongo ndani. Shemeji akaridhika. Akakunja mkono wa kanzu, akaunyoosha anawishwe. Ilikuwa imekwisha, Babu alikuwa amepata sinia lake, kilichobaki ni kumimina maji.

Babu hakumimina.

"Amechinja, lakini siyo hawa," akasema. "Hawa hakuwagusa. Sitaki mtu ale kwangu tena bila kujua anachokula."

Shemeji akaurudisha mkono. Niliona kope za Babu zinapigapiga. Miaka tisa, halafu anaimwaga mwenyewe kwa mkono wake.

"Nimechinja mimi," Bibi akasema.

Shemeji akamgeukia taratibu. "Wewe, shemeji?"

"Mimi. Na wa pili huyu hapa."

"Huyu?" Shemeji akaninyooshea kidole. "Huyu aliyecheka kwenye msiba wa kaka yangu?"

"Alikuwa na miaka minne," Bibi akasema. "Sasa ana kumi na sita na amechinja."

Shemeji akaniangalia kama anavyoniangalia mwalimu wa hesabu. "Ulisema nini?"

"Bismillahi Allahu Akbar."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Mbuzi alikuwa ananiangalia."

Mzee mmoja akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayeficha kitu kingine. Shemeji bado hakuwa ameamua. Alisema yeye hajapata kuona mambo haya. Bibi akamwambia namba ya shehe anayo, ameshamuuliza, na yeye amuulize akitaka, ila mtandao unapatikana kwenye banda la mbuzi tu. Akaonyesha. Shemeji akafuata mkono wake: ile njia ya kupanda, tope la asubuhi, banda kule juu. Akaangalia bakora yake. Akaangalia pilau.

"Shehe amesema hakuna ubaya?"

"Hakuna. Amesema tusimsahau."

Shemeji akanyoosha mkono tena kwa Babu. Babu akamimina maji, mengi kuliko mkono mmoja unavyohitaji. Shemeji akasema bismillahi kwa sauti ya kusikika masinia yote, akaweka tonge mdomoni, akatafuna muda mrefu, akameza.

"Huyu ni wa nani," akasema, "wako au wa mtoto?"

"Hatukuwaandika majina," Bibi akasema. Basi watu wakacheka, mikono ikaingia kwenye masinia kila upande, na kelele zikawa nyingi mpaka hakusikika mshereheshaji alipokuwa anatangaza kwa kipaza sauti kwamba kisu cha keki kimepotea. Binamu yangu alinitazama kutoka meza ya mbele. Nilijikausha. Keki ilikatwa kwa mwiko.

Babu alikuwa bado amesimama na birika.

"Mbona huli?" Bibi akamuuliza.

"Nawaangalia."

"Kaa chini, unaniziba jua." Akasogea, akampisha kando yake. Babu akapiga magoti kwanza, halafu akakaa, mifupa ikalia. Bibi alikuwa anachambua nyama kwenye mfupa, hamtazami. "Ile siku ya harusi," akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikujua anayo, "nilisema neno."

"Neno gani?" Babu akasema.

"Unalijua."

"Mimi sikumbuki neno lolote, dada. Nakumbuka mliondoka mapema."

Mwongo mkubwa, tena akiwa ametoka kwenye meza ya Bwana asubuhi ile ile, na mimi nilikuwa nimelisikia neno lenyewe kutoka mdomoni mwake siku moja tu kabla. Nilikuwa na mzaha tayari kwenye ncha ya ulimi. Niliumeza pamoja na pilau.

Bibi aliisukuma ile nyama aliyoichambua mpaka upande wa Babu wa sinia. Babu akaila. Baada ya muda akanyoosha mkono akachukua na kipande kingine, kikubwa, kutoka mbele ya Bibi. Bibi akampiga kofi dogo la mkono, akamwambia kwa Kishambaa ale upande wake. Babu akasema tangu zamani mama yao alikuwa anampa yeye upande mdogo zaidi. Bibi akasema si kweli, yeye ndiye alikuwa anapewa mdogo, na akaanza kutaja siku, na chakula, na chungu chenyewe kilikuwa cha namna gani, na walikuwa bado wanabishana sinia lilipoletwa la pili.